Udongo Usio na Mchwa

Ifakara mchwa hula kila kitu. Hula fremu za milango, hula nguzo, hula vitabu vya nyimbo kanisani, hula viatu tulivyoacha uvunguni tulipohamia mashambani kulinda mpunga. Ukirudi mjini baada ya mavuno, kazi ya kwanza ni kugonga miimo ya mlango kwa kidole usikie kama bado ni mti au limebaki ganda.

Nyuma ya ghala la zamani la chama cha ushirika, upande wa kuelekea mto Lumemo, palikuwa na kipande cha ardhi chenye ukubwa wa vyumba viwili hivi ambacho mchwa hawakukigusa. Ungeweza kulaza gogo pale mwaka mzima ukalikuta zima. Watu waliona ajabu, na wengine walisema ni baraka. Mimi nilijua sababu, maana ni mimi niliyezika dawa pale.

Nilikuwa kibarua wa ghala, kazi yangu kupakia na kupakua. Chama kilipokuwa kinakufa, magari hayaji tena na pamba hailimwi tena, kwenye chumba cha mwisho cha ghala yalibaki mapipa na mifuko ya dawa ya wadudu iliyokwisha muda wake. Mapipa yalikuwa yanavuja na mifuko imepasuka. Siku moja mkubwa wa ghala alituambia mimi na mwenzangu tuchimbe shimo nyuma, tumwage vyote humo, na mapipa matupu tuyapeleke nyumbani kwake. Tulichimba mpaka kina cha kifua. Dawa ya maji ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na ya unga ilikuwa nyeupe kama sembe. Tulifunga mashati puani. Jioni mimi nilitapika na mwenzangu alitapika, tukachekana, tukaenda kutafuta maziwa kwa sababu watu walisema maziwa hukata sumu. Baadaye mkubwa wa ghala alihama. Mwenzangu alifia kwao upande wa Mahenge, kwa ugonjwa ambao sikuambiwa. Nikabaki mimi tu ninayejua shimo lilianzia wapi na liliishia wapi.

Ningeishia hapo, kosa lingekuwa la mkubwa wa ghala. Lakini sikuishia hapo.

Nilipoona mchwa hawasogei pale, nilichukua kikapu kimoja cha udongo nikampelekea mke wangu. Alisiriba nao sakafu ya jiko, na ulipobaki alikandika nao chini ya miguu ya kihenge chetu cha mpunga. Mwaka ule tulivuna tukahifadhi, na mchwa hawakupanda. Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua, akaja kuangalia. Alikuwa rafiki wa mke wangu, na mimi aliniita shemeji.

"Shemeji, na mimi niletee. Mimi kwangu wananila mpaka kitanda."

Nikamletea. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Nilikuwa nafunga mifuko miwili ya salfeti kwenye keria ya baiskeli, napita barabarani nikisukuma, na watu wananiita kutoka uani. "Baba, zamu yangu lini?" Sikuwa mtu wa kuitwa kabla ya hapo. Sikuwa na sauti ya kuimba, wala ya kusema kwenye mikutano, wala sikusoma zaidi ya darasa la nne. Udongo ule ulinifanya mtu wa watu. Sikumtoza mtu chochote. Furaha yangu ilikuwa kuitwa.

Kama kuna mtu aliyeniuliza kwa nini mchwa hawaendi pale, nilijibu, "Ndivyo ulivyo tu." Hilo nalo lazima niliandike.

Mke wangu alifariki miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga. Alianza na homa, tukadhani malaria, kama ambavyo bonde zima hudhani kila homa ni malaria, na mara nyingi huwa hivyo. Hospitali walimpa dawa ya malaria. Alipata nafuu, akarudi kupika, akaanza kutetemeka mikono, akalala tena. Alikaa wodini wiki mbili. Mganga aliniambia ini na damu, maneno niliyoyasikia nikayabeba bila kuyaelewa. Nikarudi nyumbani na kanga zake na kikombe chake.

Siku ya mazishi alikuja mtani wetu. Yeye ni Mngoni, fundi mwashi na mchimba visima, na sisi Wapogoro kwake ni watani, kwa hiyo msiba wetu ni uwanja wake. Alijitupa kando ya kaburi akakataa kuondoka mpaka apewe chochote. "Wavivu nyie! Kaburi fupi hivi? Atatoa miguu arudi kupika!" Kisha akajifunga kanga ya marehemu, akashika mwiko, akapita kati ya waombolezaji akiiga sauti yake hasa. "Baba, umerudi na matope tena! Hilo baiskeli lako lilale nje!" Watu walicheka huku wanalia. Nami nilicheka, na ule ndio wakati pekee katika siku zile nilipopumua mpaka chini.

Tanga lilipokwisha, binti yetu alirudi kwa mumewe, nami nikabaki na nyumba. Ninaposema nyumba nina maana ya sakafu ya jiko. Mke wangu alisiriba kwa mkono mtupu, akivuta kiganja kwa nusu duara, nusu duara juu ya nusu duara, kutoka mafigani hadi mlangoni. Alama zile zilikuwa bado pale. Nilikuwa nafagia kwa fagio laini ili zisifutike. Asubuhi nilikaa kwenye kigoda nikiziangalia, na niliweza kujua mahali aliposimama kuchota udongo mwingine.

Nisingeziweza siku zile bila watu wengine. Jirani alinitumia vitumbua kila asubuhi, vitatu kwenye kisahani kilichofunikwa. Alhamisi jumuiya ilisali rozari nyumba kwa nyumba, na zamu yangu ilipofika walijaa uani mpaka wengine wakasimama. Mtani alipita akanitukana kwenye uzio. "Mpogoro, bado uko hai? Unasubiri nini?" Hivyo vitu vitatu ndivyo vilivyonifanya niamke kitandani.

Ndipo likaja jambo la ghala.

Ghala lilikuwa limesimama bure miaka mingi. Bati zilikuwa zimeng'olewa upande mmoja, popo wamejaa, na watu walitupa takataka mlangoni. Wanywaji walilala humo mchana. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mwanamke mkavu aliyewahi kuwa mwalimu, aliitisha mkutano akasema kiwanja kile kimerudishwa kwa wananchi, na tutakigeuza kuwa shule ya chekechea, na chumba kimoja kitakuwa cha kupima watoto uzito na kuwachanja. Mama zetu wasitembee tena hadi hospitali kuu kwa ajili ya mizani. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Nilifurahi kweli.

Jumamosi tulikwenda kufyeka. Nilikwenda na panga na beleshi. Tulitoa takataka, tukachoma, tukafukuza popo. Mchana mwenyekiti alizunguka nyuma ya jengo na vigingi vinne na kamba. Alikuwa amepata ahadi ya pampu ya mkono. Alisimama kwenye kile kipande cha ardhi, akakanyaga mara mbili, akasema, "Kisima kitakuwa hapa. Udongo laini, na hauna mchwa. Watoto watachota maji bila kuvuka barabara."

Alipigilia vigingi vyake juu ya shimo. Kimoja kilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipomwagia pipa la mwisho.

Nilikuwa nimeshika beleshi. Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Nilisema kimoyomoyo kwamba nitasema kesho, nikaendelea kubeba majani.

Usiku na mchana wa siku zilizofuata nilipima mambo mawili. Nikinyamaza, watoto watakunywa maji kutoka pale. Nikisema, nitakuwa nimewaambia watu wa nyumba zote nilizozipelekea udongo kwamba nilizipelekea sumu, nikijua. Vitumbua vitakwisha, na rozari, na matusi ya mtani. Na kulikuwa na la tatu ambalo sikutaka kulipima. Nikisema kwa mdomo wangu kwamba udongo ule ni sumu, basi sakafu ya jiko langu nayo ni sumu, na mikono iliyoisiriba ilikuwa ya mke wangu.

Jumatano nilikwenda kwa bwana afya. Alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine, na ofisi yake ilikuwa na meza moja na picha ya mbu ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nina swali la mtu mwingine."

"Sema."

"Mtu amezika dawa ya pamba. Zamani. Dawa ile huisha lini?"

Aliweka kalamu. "Inategemea dawa. Zipo zinazokaa ardhini miaka mingi kuliko umri wangu. Harufu yake ikoje?"

"Kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitu kitamu."

"Huyo mtu mwingine ana pua nzuri," alisema. Hakutabasamu. "Amezika wapi, mzee?"

Nilitazama ile picha ya mbu ukutani. Aliniangalia, akasogeza kiti chake karibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi wewe ukifa leo, hakuna anayejua kabisa."

Nikamweleza yote, shimo na kisima. Nilimuuliza pia kuhusu ini na damu. Nilimuuliza kama mtu anayesiriba kwa udongo wa namna hiyo anaweza kuugua. Hakuharakisha. Alisema inawezekana, na inawezekana si hivyo, na kwa mtu aliyekwisha kuzikwa hakuna atakayejua. Alisema pole. Nilitamani anipe jibu moja, hata lile baya.

Alitaka twende pamoja kwa mwenyekiti siku ile ile. Nikamwomba aniache niseme mwenyewe, Jumamosi, siku ya kuanza kuchimba kisima, mbele ya watu, kwa kuwa niliwapelekea mmoja mmoja na nilitaka wasikie kwangu. Akakubali kwa shida. "Kabla fundi hajaanza," alisema. "Mimi nitakuwepo."

Jumamosi nilichelewa. Si kwamba nilizuiwa na kitu. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikiangalia zile nusu duara, nikashindwa kusimama. Nilipofika ghalani, mtani alikuwa tayari ndani ya shimo mpaka kiunoni, kifua wazi, anatupa udongo juu. Bwana afya alikuwa bado hajafika, baiskeli yake ilipata pancha Kibaoni, nilivyosikia baadaye. Wanawake walikuwa wanabeba udongo kwa karai kuupeleka mbele ya jengo, kujazia mahali watoto watakapochezea.

Mtani aliniona. "Mpogoro! Umeamka? Njoo unuse huku chini. Kunanuka kama mababu zako walivyozikwa bila kuogeshwa!"

Watu wakacheka.

"Toka humo," nilisema.

"Nitoke? Nani atachimba? Wewe na mgongo huo?"

"Toka, mtani. Toka uoge. Hiyo ni dawa."

Alicheka mara nyingine, akaniangalia, kicheko kikaisha. Akapanda juu. Nikaanza kusema. Sikuwa na maneno ya kupanga, nikasema kama mambo yalivyotokea: mkubwa wa ghala, mwenzangu, mapipa, unga mweupe, kina cha kifua. Nikasema mchwa hawaji pale kwa sababu ardhi imewaua, na nilijua hivyo tangu mwanzo. Mwenyekiti alikuwa amesimama na daftari mkononi. Wanawake walitua karai zao.

Jirani yangu ndiye aliyeuliza.

"Na ule ulioniletea?"

"Ni huo."

"Ule wa sakafu?"

"Ni huo huo."

"Mjukuu wangu anatambaa pale, shemeji."

Alisema tena, polepole, kama mtu anayehakikisha amehesabu sawa watu waliopanda mtumbwi. "Mjukuu wangu anatambaa pale." Kisha akanyanyua kanga yake akaondoka. Hakukimbia, ila alikwenda haraka, na wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akielekea kwake kuangalia sakafu.

Bwana afya alifika wakati watu wamekwisha kutawanyika. Alimpeleka mtani mtoni kuoga kwa sabuni.

Barua iliandikwa kwenda mkoani. Jibu lilipokuja lilisema udongo wote ukusanywe mahali pamoja, urudishwe shimoni, ufunikwe kwa zege nene, na pasichimbwe wala kulimwa. Kisima kihamishiwe mbali, upande wa juu. Chumba cha mwisho cha ghala, kile cha mapipa, kisitumike. Sakafu yake ivunjwe na vipande vyake vizikwe pamoja na udongo. Jengo lililobaki, bwana afya alisema baada ya kulikagua, litafaa.

Kabla ya jibu kufika, udongo ulikuwa umeanza kurudi. Sikuwahi kufikiri kwamba ungerudi kwangu. Asubuhi ya pili baada ya kusema, niliamka nikakuta rundo mbele ya uzio wangu, udongo uliobanduliwa sakafuni, vipande vingine bado vina majivu ya jikoni. Kufika mchana yalikuwa marundo matano. Wengine walimwaga wakiondoka bila kuniangalia. Mzee mmoja wa jumuiya alimwaga kikapu chake akasema, "Chukua mali yako." Nikajibu, "Asante," kwa kuwa sikujua neno jingine.

Jirani alikuja na karai kichwani. Hakuumwaga kama wengine. Alilishusha kwa mikono miwili, akaliinamisha taratibu mpaka udongo ukaisha, akakung'uta.

"Sina neno na wewe, shemeji," alisema. "Lakini mikono yangu inakataa kukukaangia."

"Nimeelewa."

"Mpunga wangu je? Uliomo kihengeni?"

"Sijui."

"Hujui kweli, au hutaki kusema?"

"Safari hii sijui kweli. Muulize bwana afya."

Alikwenda. Kisahani chake kilikuwa bado kwangu. Nilikiosha nikakirudisha juu ya ukuta wake.

Kazi ya kurudisha udongo niliiomba mwenyewe. Mwenyekiti alinipa toroli, bwana afya akanipa mabuti ya mpira na kitambaa cha kufunga puani, na onyo la kuoga kila nikimaliza. Nilianza na marundo ya mbele ya uzio, halafu nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale ambao hawakuwa na nguvu za kubandua. Waliniachia mlango wazi wakatoka nje. Nilibandua sakafu za watu peke yangu, ndani ya nyumba ambazo zamani niliingia nikakaribishwa kiti. Katika nyumba moja bibi kizee alibaki kitandani kwa kuwa hakuweza kutoka. Aliniangalia nikipiga jembe, akasema, "Lakini mchwa watarudi." Nikasema ndiyo, bibi, watarudi. Akasema, "Basi na warudi."

Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Niliiacha ya mwisho, na siwezi kusema ni kwa sababu ya utaratibu. Nilifungua madirisha. Nilianzia mlangoni kuelekea mafigani, kinyume na alivyosiriba yeye. Ardhi ile ilikuwa ngumu, alikuwa ameishindilia vizuri. Kila pigo lilitoa kipande chenye nusu duara mbili tatu, na nilikuwa navigeuza kifudifudi torolini ili nisivione njiani. Kipande kimoja kilikuwa na alama ya vidole vinne na kidole gumba, mahali alipojishikiza kuinuka. Nilikishika muda mrefu. Nilifikiri kukificha juu ya dari. Kisha nikafikiria binti yangu akija na watoto wake, na mtoto akikipata siku ambayo mimi sipo. Nikakiweka torolini pamoja na vingine.

Zamu yangu ya jumuiya ilifika wiki ile. Nilifagia uwanja nikatandika mikeka. Katekista alipita kuniambia kwamba wameona ni vizuri zaidi wasali nyumba inayofuata, kwa sababu ya vumbi. Nilisali mwenyewe, mafungu yote matano, nikijiitikia.

Mtani ndiye aliyemwaga zege. Alifika asubuhi na watu wake wawili, akaniambia, "Habari za asubuhi." Nilimwangalia nikisubiri neno linalofuata. Halikuja. Alinisalimu kama mtu anavyomsalimu karani wa posta. Mchana kutwa alikuwa na adabu. Aliniuliza, "Tafadhali, naomba ulisogeze hilo toroli." Sijawahi kusikia jambo la kuniumiza kama lile. Mtani hana adabu na mtu anayemhesabu kuwa wake.

Zege lilipokuwa bado bichi alichukua msumari mrefu akauliza aandike nini.

"Andika SUMU HAPA CHINI. USICHIMBE."

Aliandika kwa herufi kubwa, akapitisha tena msumari ili zikae. Kisha akakusanya mwiko wake na pimamaji, akasema asante kwa kazi, wakaondoka.

Chekechea ilifunguliwa mwaka uliofuata. Waliliwekea jengo bati mpya, wakapaka chokaa, wakaweka madirisha ya wavu. Kisima kilichimbwa ng'ambo ya barabara, na watoto wakawa wanavuka wakishikana mashati nyuma ya mwalimu. Siku ya mizani wanawake walijaa na kadi za kliniki. Siku ya ufunguzi sikukaa na watu. Nilisimama ng'ambo, karibu na pampu. Mwenyekiti, katika hotuba yake, alitaja waliochanga na waliofyeka na fundi. Alisema pia kwamba yupo mtu aliyesema ukweli, na akaacha hapo bila kunitaja. Nadhani alitaka kunisitiri. Sikulalamika.

Baada ya hapo nilijipa kazi ya kupita kila asubuhi kuangalia zege kama limepasuka. Hakuna aliyenituma. Mvua zikianza niliangalia mara mbili kwa siku, na nyufa ndogo niliziziba kwa saruji niliyoomba kwa mwenyekiti.

Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria, si bwana afya, si mkoa, si mimi, ni mavuno. Mpunga ulipoanza kuingia mjini kutoka vijiji vya Namawala na Idete, watu walihitaji mahali pa kuanikia. Ifakara nzima ilikuwa udongo na matope, na nyuma ya chekechea palikuwa na sakafu ya zege, kavu, laini, pana, inayopata jua tangu asubuhi. Siku ile nilipopita nilikuta imejaa mpunga wa dhahabu kutoka ukingo hadi ukingo. Maandishi yote yalikuwa yamefunikwa. Mwanamke mmoja ambaye simfahamu, mgeni wa mtaa, alikuwa anaugeuza kwa miguu, akitembea polepole akichora mistari.

"Mama, hapa hapaanikwi."

"Kwa nini? Pasafi."

"Chini kuna sumu."

Alisimama. "Si mmeifunika?"

"Nimeifunika."

"Sasa?"

Ningeweza kumwambia zege ni nene, na pengine ningekuwa sahihi. Ningeweza kumwambia mpunga wake umeharibika, na pengine ningekuwa nimemdanganya. Alikuwa ananiangalia akisubiri, jasho likimtoka chini ya kilemba.

"Sasa sijui, mama. Ndiyo maana nakuomba uanike kwingine."

"Kwingine wapi, baba? Mvua ile inakuja."

Kweli wingu lilikuwa limesimama juu ya milima. Nikamwambia kwangu kuna mikeka, si mbali, na uwanja umefagiwa. Hakunijua, kwa hiyo hakukataa. Nilikwenda nikarudi na toroli jingine, jipya, ambalo halikuwahi kubeba ule udongo, tukazoa mpunga kwa ungo na mikono mpaka zege likabaki tupu na herufi za mtani zikaonekana. Alizisoma kwa sauti, silabi kwa silabi.

"Nani kaandika?"

"Fundi."

"Na nani atakaa hapa kuwaambia wengine? Wengine hawajui kusoma."

Nilimwambia nitakaa mimi. Alisukuma toroli mbele, nami nikafuata na ungo, na nilipomwonyesha uzio wangu na kumsaidia kutandaza mpunga juu ya mikeka, nikarudi ghalani. Wanawake wengine wawili walikuwa tayari wanakuja na magunia kichwani. Niliketi kwenye ukingo wa zege, kwenye jua, nikawasubiri wafike.